Bilbo Bila Pete

Katika The Hobbit, riwaya ya J.R.R. Tolkien, kuna mahali Bilbo, hobiti mdogo, amesimama gizani, haonekani kwa nguvu ya pete aliyoiokota, upanga uko mkononi. Gollum, kiumbe wa pangoni aliyeipoteza pete hiyo, ameziba njia pekee ya kutokea, amechutama, ananusanusa hewa. Pigo moja lingetosha. Bilbo anasita, huruma inamwingia, kisha anaruka juu ya kichwa cha Gollum: futi saba kwenda mbele, futi tatu kwenda juu, na nusura apasue fuvu kwenye paa la njia.

Wasomaji wengi wanaupenda mruko huo kuliko vita vyote vinavyokuja baadaye, na wana haki. Lau Bilbo angechoma upanga pale, karibu miaka 78 baadaye pasingekuwa na wa kuing'ata pete kutoka kidoleni mwa Frodo, mrithi wa Bilbo, ukingoni mwa moto wa kuiangamizia.

Ila kitabu kilipotoka mwaka 1937, mruko huo haukuwemo.

Katika toleo hilo la kwanza Gollum ndiye aliyeahidi kutoa pete iwe zawadi endapo angeshindwa kwenye vitendawili. Anashindwa, anakwenda kuitafuta, haioni, anaomba radhi weee, na kwa kufidia anamwonyesha Bilbo njia. Wanaachana kwa heshima zote. Toleo tunalolijua lilikuja 1951, kwa kuwa Tolkien alikuwa akiandika kitabu kikubwa zaidi, The Lord of the Rings, na humo pete ilitakiwa iwe kitu ambacho hakuna kiumbe angekitoa kwa hiari. Mwaka 1947 alimpelekea mchapishaji sura hiyo ikiwa imeandikwa upya, kama kielelezo tu. Mwaka 1950 akaletewa prufu na kukuta imeshaingizwa kitabuni. Akakubali yaishe. Ile sura ya zamani akaigeuza kuwa uongo ambao Bilbo mwenyewe aliuandika kwenye kumbukumbu zake.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kila mashabiki wanapoanza mchezo wao wa "ingekuwaje kama," yaani kubadilisha jambo moja la hadithi na kuandika dunia mbadala, mara nyingi ya mzaha, hajakosekana mtu wa kuwakumbusha kwamba hadithi ni moja na ina mwenyewe. Mwenyewe alikuwa nazo mbili, na zote mbili akazipa nafasi ndani ya ulimwengu uleule.

Kwa hiyo swali la ruhusa naliona limekwisha. Linalobaki ni gumu zaidi: mbona baadhi ya hizi dunia za mzaha zinasimama, na nyingine zinaporomoka kabla ya ukurasa wa tatu?

## Kumnyang'anya kitu kimoja

Njia nzuri ya kujua ni kuijenga moja hadharani. Nachagua badiliko dogo kabisa ninaloweza kulifikiria: Bilbo anapapasa sakafu ya pango gizani, na mkono wake haugusi pete. Unagusa jiwe. Anaendelea kutambaa.

Hapo ndipo penye njia panda. Mengine yote, hadi dakika ile, yamebaki kama yalivyo.

Kishawishi cha kwanza ni kukimbilia kubuni mambo mapya. Kizuie. Kazi ya kwanza ni ya karani: pitia kitabu sura kwa sura uandike pete ilikuwa ikifanya kazi gani. Katika The Hobbit pete bado ni chombo tu, na chombo kina orodha ya kazi. Inamtoa Bilbo mbele ya walinzi wa magoblini pale mlangoni, anapoacha vifungo vyake vya shaba. Inamwezesha kuwavuta buibui wa Mirkwood huku na huku ili awakate nyuzi mbilikimo kumi na wawili, wenzake wa safari, waliotundikwa mitini. Inamfanya asikamatwe pamoja nao kwenye ngome ya mfalme wa msitu, akaishi humo wiki nyingi akiiba chakula na kuchunguza njia. Inamfikisha kwa Smaug, joka linalolalia hazina ya mbilikimo hao. Na katika vita vya mwisho inamficha, ingawa haikumsaidia kitu jiwe lilipompata kichwani.

Ukishaiona orodha hiyo, unagundua jambo ambalo wengi hulikosa: si kila kazi inahitaji mbadala. Buibui wa kwanza kabisa, yule aliyemfunga Bilbo usingizini, Bilbo alimuua bila pete yoyote. Ndipo upanga ukapata jina la Sting. Kwa hiyo ujasiri wake hautoki kwenye pete, na ukimwandika Bilbo bila pete akiwa mwoga mtupu umesoma vibaya. Kwa upande mwingine, buibui hamsini si buibui mmoja. Pale lazima mtu aumie, au mbilikimo waokolewe na mtu mwingine. Mimi ningewaleta walinzi wa mfalme wafike mapema, kwa sababu wako msituni humohumo na tayari wameshamkamata Thorin, kiongozi wa mbilikimo.

Gharama yake? Bilbo sasa anaingia ngomeni akiwa mfungwa wa kumi na nne.

Hapo mzaha unaanza kupata mguu wa kusimamia.

## Karatasi iliyokunjwakunjwa

Mfungwa asiyeweza kutoweka atafanya nini? Ana mdomo, ana adabu za mtu aliyezoea kupokea wageni, na anajua vitendawili. Kumrudisha kwenye vitendawili na mlinzi wa jela kungekuwa uvivu, maana tumetoka kuviona pangoni. Kuna kitu bora, nacho kimo kitabuni tangu mwanzo: mkataba.

Mbilikimo, waliomwajiri Bilbo awe mwizi wao, walimwachia barua chini ya saa, na masharti yake yanajulikana. Malipo taslimu baada ya kazi, yasiyozidi sehemu moja ya kumi na nne ya faida, ikiwepo faida. Gharama zote za safari zimedhaminiwa kwa vyovyote vile. Gharama za mazishi zitalipwa na waajiri, pakitokea haja.

Mtu anaweza kudhani kwamba hapa itabidi mwandishi adanganye kidogo, amtilie Bilbo barua mfukoni kinyemela, kwani asubuhi ile alitoka nyumbani mbio bila kofia, bila fimbo, bila hata senti. Haihitajiki. Sura ya 16, Bilbo anapokwenda usiku kwa Bard, muuaji wa joka, na mfalme wa msitu, anaitoa barua ileile kwenye mfuko wa koti lake kuukuu, imekunjwakunjwa. Alikuwa nayo muda wote. Alivuka nayo milima, alitambaa nayo pangoni, alielea nayo mtoni juu ya pipa.

Mimi hapa ndipo nilipobadili mawazo kuhusu kazi hii nzima. Nilikuwa naiona kama ubunifu wenye kusoma kidogo. Ni kusoma, kukiwa na ubunifu kidogo.

Basi tumpe nafasi. Mfalme amewauliza mbilikimo wanakwenda wapi, na Thorin amekaa kimya kwa kiburi, kama ilivyo kitabuni. Analetwa kiumbe mdogo mwenye miguu ya manyoya.

"Wewe ni mmoja wao?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi nimeajiriwa."

"Una ushahidi?"

Bilbo anaitoa. Mfalme anaisoma, anaigeuza, anaisoma tena. Anauliza kama chakula cha jela kinahesabiwa kuwa gharama za safari. Bilbo, ambaye ameshalifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa akiwa hana la kufanya, anasema kinahesabiwa, na anaomba apewe stakabadhi kwa jina la Thorin.

Inachekesha. Lakini angalia kilichotokea chini ya kicheko. Barua inataja faida, na mbilikimo kumi na watatu wanaoelekea Mlima wa Upweke hawawezi kuwa na faida nyingine isipokuwa hazina iliyolaliwa na joka. Siri ambayo Thorin alikuwa tayari kuoza nayo jela imetoka mfukoni mwa mwajiriwa wake, tena kwa adabu. Mfalme sasa anajua mapema, na mfalme huyo anapenda fedha na vito kupita kiasi. Atataka sehemu yake. Thorin hatamsamehe Bilbo, na ule ugomvi wao wa mwishoni umeanza mapema zaidi.

Huu ndio mtihani ninaoupa kila toleo la mzaha: je, kichekesho kimemgharimu mtu kitu? Kisipomgharimu mtu, msomaji hucheka mara moja na hana sababu ya kufungua ukurasa unaofuata.

## Joka linauliza kuhusu usafirishaji

Twende kwa Smaug, maana hapa kitabu chenyewe kinaonyesha meno.

Katika mazungumzo yao ya asili, joka linamchokoza Bilbo kwa swali la kibiashara. Linabahatisha kwamba ameahidiwa kitu kama sehemu ya kumi na nne, kisha linauliza: mzigo utafikaje? Nani atabeba? Walinzi wenye silaha je? Ushuru wa njiani je? Bilbo anatahayari, kwa sababu hajawahi kulifikiria.

Joka lililouliza habari za ushuru wa njiani tayari ni wakili. Shabiki anayemvalisha miwani na kumpa daftari hajabuni kitu. Amesukuma mlango uliokuwa wazi nusu.

Tatizo la kiufundi ni lingine. Kitabuni Smaug haongei na Bilbo kwa ukarimu. Anaongea kwa sababu hamwoni, na anasikia harufu ya kiumbe asiyemjua. Bilbo akionekana, kwa nini asichomwe palepale? Nimeona matoleo mengi ya wahusika kuzungumza na joka yanayovunjika kwenye swali hilo tu, kwa kuwa mwandishi ameamua joka liwe na moyo mzuri. Ukilipa joka moyo mzuri umefanya badiliko la pili, na la pili ndilo linaloua.

Tafuta jibu ndani. Njia ya siri ya mlimani ni ndogo mno kwa Smaug. Hata alipokuwa kijana asingeingia humo. Mafumbo na mazungumzo ya chini kwa chini joka haliwezi kuyapuuza, hiyo ni tabia yao. Na harufu ya hobiti bado hajaijua. Kwa hiyo Bilbo anakaa ndani ya njia, si ukumbini, na anaisukuma barua nje kwa ncha ya upanga. Moto unaweza kumfikia humo, kitabuni ulimuunguza nywele na visigino, kwa hiyo hatari ipo. Lakini barua ikiungua, Smaug hatajua imeandikwa nini. Udadisi wake ndio ngao ya Bilbo, na ngao hiyo ina muda wa kwisha.

Safari hii Bilbo ana jibu la swali la usafirishaji. Mfalme wa msitu, ambaye sasa ni mshirika kwa lazima, ana mapipa. Mapipa yake hushuka mtoni hadi mji wa ziwani, na hurudishwa. Kitabuni mapipa yalikuwa njia ya kutoroka jela. Katika toleo letu hakuna aliyetoroka, kwa hiyo yangebaki hayana kazi. Yanapata kazi mpya: mzigo. Kitu cha zamani kinaporudi na kazi mpya, msomaji anayekijua kitabu hupata raha ya pekee, ile ya kukutana na jirani katika nchi ya mbali.

Na doa la Smaug? Kitabuni Bilbo analiona kwa kumsifu joka hadi anageuka kuonyesha fulana yake ya vito, na pale upande wa kushoto wa kifua pana sehemu tupu. Hapa sifa zinageuka kuwa hesabu ya mali. Bilbo anasema hawezi kukokotoa moja ya kumi na nne bila kujua jumla. Smaug, ambaye anakijua kila kikombe chake, anaanza kutaja. Anafika kwenye vito vilivyomshikamana tumboni, analala chali ili karani ahesabu vizuri. Bilbo anaandika safu kwa safu, na kwenye safu ya kifua cha kushoto anaweka sifuri.

## Vinavyoharibika

Si kila njia panda ina uhai. Swali la kwa nini tai hawakuibeba pete hadi Mordor, nchi ya adui, naliruka kwa makusudi. Hilo ni lalamiko lililovaa joho la swali, na anayeliuliza mara nyingi hataki hadithi, anataka ushindi.

Ugonjwa wa kawaida zaidi ni kurudi kwenye reli. Mwandishi anabadilisha jambo kubwa sura ya kwanza, kisha kufikia sura ya nne kila tukio la zamani linafika kwa saa yake kama hakuna kilichotokea.

Mfano unaopendwa ni Harry Potter katika Slytherin, mojawapo ya nyumba ambamo wanafunzi wa shule yake ya uchawi hugawanywa. Njia panda yenyewe ni halali kabisa: katika kitabu cha kwanza, cha 1997, Kofia inayowapangia wanafunzi nyumba inamfikiria kwa nyumba hiyo, naye anaomba asipelekwe. Ondoa ombi. Matoleo mengi ya mashabiki humpa Harry kitanda kipya na skafu ya kijani, halafu usiku wa zimwi anamwokoa Hermione chooni akiwa na Ron, vilevile.

Hawezi.

Hermione alikuwa akilia chooni kwa maneno ya Ron baada ya somo la nyumba yao. Harry alijua yuko wapi kwa sababu aliwasikia wasichana wa nyumba yake wakisemezana. Harry wa Slytherin hakuwepo darasani, hakusikia kitu, na yule msichana kwake ni mtu aliyekutana naye kwenye treni tu. Usiku ule kelele zinapopigwa kwamba kuna zimwi kwenye vyumba vya chini, wanafunzi wanaamriwa warudi kwenye mabweni yao, na bweni la Slytherin liko chini hukohuko. Kwa hiyo Harry anatembea kuelekea mahali zimwi lilikosemwa liko, wakati zimwi limeshapanda juu, na juu kuna msichana peke yake.

Anayejua aliko ni Ron, na Ron ndiye mwenye kosa.

Hapo ndipo hadithi mpya ilipo, na inaumiza. Je, Ron anakwenda bila wa kumsukuma? Akienda, anaweza kushinda: kitabuni ni yeye aliyeliinua rungu la zimwi hewani kwa uchawi na kuliangushia kichwani. Lakini kitabuni Harry alikuwa amening'inia shingoni mwa zimwi akilipotezea muda. Mwondoe Harry, Ron ana sekunde chache zaidi za kukosea. Akifaulu, urafiki mkubwa wa shule ile ni wa watu wawili, na Harry ni mtu wa tatu anayefika amechelewa kwa mwaka mzima. Ukitaka mzaha, mzaha ni huo: mteule wa unabii akijaribu kujipendekeza kwa watoto wawili wanaomwona kama mtoto wa kambi ya Malfoy, hasimu wao wa Slytherin.

Mwandishi anayerudi kwenye reli huwa haogopi mantiki. Anaogopa kumkosesha msomaji tukio analolipenda. Dawa yake ni ya karatasi: kabla ya kuandika, tafuta tukio la kwanza ambalo haliwezi tena kutokea, na ulifanye liwe sura yako ya pili. Ukilificha hadi sura ya kumi, umeshachelewa.

Ugonjwa mwingine ni zana iliyo na nguvu kupita hadithi yake. Saa za kurudisha muda zilizoletwa katika kitabu cha tatu cha mfululizo huohuo, mwaka 1999, ziliacha swali kila mahali: kwa nini zisitumike kila mtu anapokufa? Kufikia kitabu cha tano, 2003, akiba iliyoko Wizara ya Uchawi ilivunjwavunjwa kwenye mapambano. Hata mtunzi mwenyewe alilazimika kufagia. Shabiki anayemzawadia mhusika wake zana kama hiyo kwa ajili ya kichekesho kimoja ajue ufagio unamsubiri.

## Mkahawani

Hapa kanuni yangu inapata msukosuko, na sitaki kujifanya haupo.

Kuna aina ya dunia mbadala inayotupa ulimwengu mzima na kubakiza watu. Hakuna pete, hakuna Mordor, hakuna uchawi. Frodo anauza kahawa na Sam, mwenzake mwaminifu wa safari, anapika keki. Aina hii inapendwa kiasi kwamba Archive of Our Own, hifadhi ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa kwa umma 2009, inayo lebo yake maalumu ya mikahawa. Kama siri ni kubadilisha jambo moja na kuacha mengine yadai, mbona hizi, zilizobadilisha kila kitu, nyingine ni nzuri mno?

Kwa muda mrefu nilizihesabu kuwa utani wa mavazi. Kuna nyingi zinazostahili hukumu hiyo. Zina majina na rangi za macho, basi. Kipimo chake ni rahisi: futa majina yote kwenye ukurasa mmoja wa mazungumzo, mpe msomaji aliyesoma kitabu. Akishindwa kujua nani anasema, humo ndani hakuna mtu aliyehamishwa.

Lakini zile nzuri zimefanya hesabu ileile kwa kuigeuza. Mwandishi amejiuliza Frodo ni nani pete ikiondolewa, na amepata jibu: mtu aliyepokea mzigo usio wake kwa sababu chumba kizima kilinyamaza, na ambaye hawezi kuutua hata akiombwa. Mkahawani mzigo huo unaweza kuwa deni aliloacha mjomba. Ukiuweka huo, Sam anajipanga mwenyewe. Hawezi kubeba deni, lakini anaweza kumbeba mdaiwa. Mkahawa unasimama.

Wapo wasiohamika. Sauron, adui mkuu na bwana wa pete, haonekani kamwe katika The Lord of the Rings. Ni jicho, ni nia, ni hofu ya watu wengine. Ukimweka awe mwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, umempa mdomo na habari za hali ya hewa, na papo hapo amekwisha. Mwache awe makao makuu yasiyojibu simu. Yatume wakaguzi tisa, kama Sauron alivyowatuma wapanda farasi wake weusi. Saruman, mchawi msaliti, ndiye wa kuletwa dukani, kwa maana nguvu yake kubwa ni sauti, na sauti inaweza kuuza chochote mahali popote.

## Mzaha na baridi

Tolkien naye aliandika "ingekuwaje kama" yake, na haina hata chembe ya utani. Katika dibaji ya toleo la pili la The Lord of the Rings, katikati ya miaka ya 1960, aliwajibu waliodhani kitabu ni Vita Kuu ya Pili iliyovishwa kanzu. Kingekuwa hivyo, alisema, pete ingekamatwa na kutumiwa dhidi ya Sauron. Sauron asingeangamizwa, angefanywa mtumwa. Ngome yake ingekaliwa, si kubomolewa. Saruman angeyapata Mordor maarifa aliyoyakosa, na angejitengenezea pete yake. Na mahobiti wangechukiwa na pande zote mbili, wasidumu hata kama watumwa.

Sentensi chache tu. Njia panda moja, kisha deni linalipwa mstari kwa mstari bila kumwonea mtu haya.

Katika barua ya 1963 alifanya tena, kwa upole zaidi. Kuna dakika kwenye ngazi za Cirith Ungol, njiani kuelekea Mordor, ambapo Gollum anakaribia kutubu, anamgusa Frodo aliyelala, na Sam anaamka na kumkaripia. Ingekuwaje Sam angekuwa na subira? Jibu la Tolkien linanitikisa kila ninapolikumbuka: Gollum angeiiba pete bado, asingeweza kujizuia, kisha angejitupa nayo motoni kwa hiari yake, kwa ajili ya Frodo. Wema umebadilisha sababu ya kifo. Kifo chenyewe kimebaki.

Nilipoziweka hizi mbili kando ya joka letu linalohesabiwa vito, niliona zinatumia ufundi mmoja. Tofauti ni mahali mwandishi anapoamua kuacha kudai. Yule wa dibaji anadai hadi hobiti wa mwisho. Mwandishi wa mzaha anadai hadi mahali panapouma kidogo, kisha anafunga daftari. Kuchagua mahali pa kufunga ndiyo kazi ngumu zaidi, na ndipo wengi wanapozidisha: wanatengeneza vichekesho vitatu vitamu, halafu wanajiona wana wajibu wa kueleza hatima ya dunia nzima.

## Deni la mbali

Toleo letu lina deni kubwa ambalo bado halijaguswa. Kama Bilbo hakuiokota, pete iko wapi? Iko pangoni, pengine hatua chache kutoka mkono wake ulipogusa jiwe, na Gollum ataipata. Gandalf, mchawi rafiki wa Bilbo, hatakuwa na sababu ya kushuku. Mwaka 3018 wa kalenda ya ulimwengu ule, hakuna mpanda farasi mweusi atakayefika Shire, nchi ya mahobiti, kuulizia jina la Baggins, ukoo wa Bilbo. Na hakuna mtu mwema yeyote atakayejua pete ipo.

Hilo ni giza kubwa mno kwa hadithi yenye stakabadhi za chakula cha jela. Kulitaja mwishoni, hata kwa kudokeza, kungewafanya wasomaji wahisi kila kicheko kilikuwa mtego. Wapo waandishi wanaoweza kuutega mtego huo na ukapendeza. Mimi nisingejaribu. Ningeacha pango lisitajwe tena baada ya sura ya pili, na ningeufunga mlango mapema, ndani ya mwaka 2942.

Mahali pa kufunga kitabu chenyewe kimepatoa. Bilbo anarudi nyumbani tarehe 22 Juni na kukuta mali zake zinapigwa mnada, kwa kuwa amehesabiwa kuwa amekufa. Inambidi azinunue tena samani zake mwenyewe, na vijiko vyake vingi vya fedha havionekani tena. Anawashuku ndugu zake wa Sackville-Baggins.

Bilbo wa kitabuni analimeza hilo kwa sehemu kubwa. Bilbo wetu ametoka kujadiliana vifungu na joka. Anasimama mbele ya wapiga mnada, anaitoa ile barua, na kuwaonyesha kifungu cha mazishi: gharama hazijadaiwa, kwa hiyo kisheria hajafa. Kisha anafungua shauri la vijiko. Lobelia, mmoja wa hao Sackville-Baggins, anajitetea kwa hoja moja tu, nayo ni nzito: mlalamikaji, kwa maandishi aliyoyaleta mwenyewe barazani, ndiye mwizi pekee wa Shire aliyewahi kuajiriwa rasmi.